Mota ya gari la rimoti: kuiokoa baada ya mchanga na maji chumvi

Kila baada ya sikukuu meza yangu hapa Mjini, Unguja, hujaa magari ya rimoti yaliyokata roho. Nikimuuliza mwenyewe alifanya nini kabla ya kulileta, jibu ni moja: "Niliitia mafuta." Mafuta gani? Ya cherehani, ya breki, ya nazi, ilimradi mafuta. Mota ikanguruma dakika mbili, ikatoa harufu, ikanyamaza.

Basi tuifanye kazi hii pamoja, tangu kuichomoa mota mpaka kuirudisha. Utaratibu ni huu: kwanza kikavu, kisha maji, kisha spiriti, na mafuta ndiyo ya mwisho kabisa, tena tone tu. Wengi wanaoharibu huanzia mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Bisibisi ndogo ya nyota na ya bapa, na alenki za milimita 1.5 na 2.
- Mswaki mkuukuu, mkavu. Brashi ndogo ya rangi ikiwepo, vizuri zaidi.
- Pampu ya baiskeli. Upepo wake unatosha na hauna unyevu wa mdomo. Usipulize kwa mdomo. Mate ni maji.
- Spiriti ya kusafishia saketi, isopropili. Mafundi simu wa Darajani wanaitumia kila siku. Chukua ya asilimia 90 kwenda juu. Ya 70 ina maji mengi na hukawia kukauka.
- Maji ya mvua yaliyokingwa safi, au maji ya kunywa ya chupa.
- Vijiti vya meno vya mbao.
- Msasa laini, namba 1000 au zaidi.
- Mafuta ya cherehani na bomba la sindano la kuyatonea.
- Maltimita, yaani kipima umeme, hata ile ya bei rahisi.
- Betri 2 za redio ndani ya kishikio chake chenye waya.
- Sahani nyeupe. Ndani ya mota mna washa, vipete bapa vyembamba kama ganda la kitunguu. Zikianguka sakafuni umezipoteza.
- Simu, kwa kupiga picha kila unapofungua kitu.

Petroli, iache. Inawaka, na inakula plastiki. Dawa ya kupuliza ya kulegezea kutu nayo iache: inaacha utando wa mafuta, na utando huo ndio unaokamata mchanga. Mafuta ya nazi ni ya mchuzi na nywele. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, na yakichanganyika na vumbi la kaboni huwa kama lami.

Ukinunua "maji ya betri" kwa kazi ya kusuuzia, soma chupa mara mbili. Kuna maji yaliyotoneshwa na kuna asidi, na dukani yote mawili huitwa jina hilo hilo. Ukiwa na shaka, tumia ya kunywa.

## Hatua ya 1: Jua mota yako ni ya aina gani

Hesabu waya nene zinazoingia kwenye mota. Zikiwa mbili, ni mota ya kaboni, yaani yenye vipande viwili vya kaboni vinavyopitisha umeme kwenda kwenye kiini kinachozunguka, na mwongozo huu ni wake. Zikiwa tatu, haina kaboni. Soma hatua ya 2 mpaka ya 5, kisha rukia sehemu yake huko chini.

Za kaboni zilizojaa mitaani ni 540, ambayo kopo lake lina kipenyo cha milimita 36 hivi, na 380, ambayo ni milimita 28 hivi. Sasa tazama kifuniko cha nyuma. Kikiwa kimefungwa kwa skrubu na kaboni unaziona kwa nje zimekaliwa na springi, mota hiyo inafunguka. Kikiwa kimebanwa kwa meno ya bati yaliyokunjwa, haikukusudiwa kufunguliwa. Usiyakunjue. Hukatika kwenye mkunjo wa pili, na ukiivuta amecha (kile kiini kinachozunguka, chenye waya za kopa), kaboni huruka ndani na hazirudi tena kwa urahisi. Mota hiyo tutaisafisha kupitia madirisha yake, yale matundu ya kopo.

## Hatua ya 2: Toa betri, kisha toa mota

Betri kwanza. Si kuzima swichi tu, ichomoe. Mota ya 540 ikishikwa isizunguke huku ina umeme inaweza kuvuta makumi ya ampea, na gia hazijui kama hicho ni kidole.

Piga picha ya waya. Tia alama ya wino kwenye waya chanya na kwenye upande wake wa mota. Kisha legeza skrubu mbili zinazoishika mota.

Skrubu hizo zitie kwenye sahani na uziangalie urefu wake. Nimeletewa mota "iliyoungua yenyewe" ambayo kosa lake lilikuwa skrubu: ya asili ilipotea, mtu akatia ndefu, ikapenya ndani ya kopo na kukwaruza waya za kopa mpaka varnishi ikatoka. Skrubu ya mota huingia milimita chache tu.

Legeza skrubu ya pinioni, ile gia ndogo iliyo kwenye shafti, kwa alenki. Ikigoma usiigonge shafti kwa nyundo. Sumaku za ndani ni ngumu lakini zinavunjika kama kigae, na kipande kimoja kikikatika amecha yote inasagika.

## Hatua ya 3: Isikilize kabla ya kuigusa

Zungusha shafti kwa vidole. Utahisi inasita, inaruka, inasita tena. Hizo ni sumaku zinaivuta amecha, ni kawaida. Kisicho kawaida ni mkwaruzo, ile hisia ya kutafuna mchicha ambao haukuoshwa vizuri. Huo ni mchanga.

Itikise shafti kushoto na kulia. Ikicheza wazi wazi, bushi (pete inayoishika shafti) imelika, na usafi peke yake hautaiponya.

Inuse. Harufu ya varnishi iliyoungua haijifichi. Mota yenye harufu hiyo na waya za kopa zilizogeuka nyeusi ni ya kununua nyingine. Kuisuka upya inawezekana, lakini kwa 540 ya kawaida gharama ya fundi itapita bei ya mota mpya.

Mwisho weka maltimita kwenye omu, ncha moja kwenye kituo cha waya, yaani pale waya inapochomelewa kwenye mota, nyingine kwenye kopo la bati palipo wazi. Haitakiwi isome chochote. Ikisoma, ama waya imegusa kopo, ama mna chumvi yenye unyevu. Andika ulichokiona, utapima tena baadaye.

## Hatua ya 4: Kikavu kwanza

Simamisha mota madirisha yakiwa chini. Piga pampu ya baiskeli kupitia tundu la upande wa pili, huku ukiizungusha shafti polepole. Kisha mswaki mkavu kwenye madirisha na kuzunguka shafti. Kisha pampu tena. Rudia mpaka karatasi nyeupe uliyoiweka chini haipokei tena chembe.

Kwa nini usimwagie spiriti moja kwa moja? Kwa sababu mchanga mkavu hupeperuka, lakini mchanga uliolowa hujipaka. Mchanga wetu wa pwani ni unga wa matumbawe na makombe; ukisagwa unakuwa laini kama chokaa, na ukishaingia kwenye bushi umeshaingia. Ukitanguliza kimiminika umejitengenezea dawa ya kusagia chuma, ukaitia mahali hasa usipopataka.

## Hatua ya 5: Toa chumvi

Kama gari halijagusa maji ya bahari wala mchanga wa bahari uliolowa, ruka hatua hii.

Mpwa wangu alilipeleka gari lake Paje maji yalipokuwa yamepwa. Mchanga ule ukilowa ni mgumu kama sakafu, gari linakwenda raha mustarehe, ila kila hatua kuna kidimbwi. Aliporudi akaianika mota juu ya bati siku mbili. Kwa nje ilikuwa kavu kabisa. Nilipoifungua usiku, waya za kopa zilikuwa zinatoka jasho, matone madogo madogo, na kwenye komutata, pale kaboni zinaposugua, pameshaota kijani.

Sababu ni kwamba chumvi ya bahari huvuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida huyeyuka yenyewe kwa maji iliyoyanyonya. Hapa kwetu hewa hufika hapo usiku baada ya usiku, masika ndiyo usiseme. Kwa hiyo mota yenye chumvi haikauki kwa kuanikwa. Mchana hukauka, usiku hulowa, na kila mara inapolowa inakula kopa na chuma. Dawa ni kuiondoa chumvi yenyewe, na chumvi huondoka kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Jaza bilauri maji ya mvua au ya chupa. Izamishe mota, zungusha shafti kwa mkono kama mara hamsini, itoe, itikise. Mwaga maji. Jaza mengine. Fanya hivyo mara tatu. Maji ya kisima usiyatumie kama unakaa karibu na pwani. Visima vingi vya huko vina chumvi ndani yake, utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi.

Baada ya maji ya tatu, itikise sana, kisha mwagia spiriti ndani mpaka itoke upande wa pili. Spiriti huchukuana na maji yaliyobaki na hukauka upesi. Iweke mbele ya feni usiku kucha. Kuhusu kuifukia kwenye mchele: feni inashinda mchele, na mchele wenyewe utakuwa na vumbi la kaboni.

Umefanikiwa ikiwa asubuhi maltimita, kati ya kituo na kopo, haisomi kitu. Ikiwa jana ilisoma na leo haisomi, ilikuwa chumvi, mota iko hai. Ikiwa bado inasoma, osha mara moja zaidi kabla ya kukata tamaa.

## Hatua ya 6: Fungua na safisha komutata

Wenye mota isiyofunguka: pulizia dawa ya kusafishia kontakti kupitia madirisha, zungusha shafti kwa mkono, acha itiririke, rudia mpaka inayotoka si nyeusi. Kisha nenda hatua ya 8.

Hatari ni hii: usiiwashe mota huku unapulizia, wala kabla haijakauka. Kaboni na komutata hutoa cheche, na spiriti pamoja na dawa nyingi za kupuliza huwaka. Subiri dakika 30 penye upepo. Najua kuna video za watu wanaopulizia mota ikizunguka. Nyusi ni zao.

Wenye inayofunguka: chora mstari wa wino unaopita kutoka kopo mpaka kifuniko cha nyuma, kwa sababu kifuniko kikikaa pembe tofauti mota hubadilika tabia. Toa springi, toa kaboni, uziweke kwenye sahani kushoto na kulia kama zilivyokaa. Toa skrubu, nyanyua kifuniko, vuta amecha. Sumaku zitaing'ang'ania, vuta kwa nguvu iliyonyooka. Hesabu washa zilizo kila upande wa shafti na uzipige picha.

Sasa itazame komutata, ile shingo ya shaba yenye vipande vitatu vinavyotenganishwa na mifereji myembamba. Rangi ya hudhurungi inayong'aa ni afya. Usiisugue ili iwe kama pete ya arusi. Utando ule mwembamba ndio unaoiwezesha kaboni kuteleza. Weusi wenye vidonda, au mtaro unaouhisi kwa ukucha, ndio maradhi.

Weusi wa juu juu, kata msasa upana wa komutata, uuzungushie, ubane kwa vidole viwili bila kukandamiza, kisha zungusha amecha, si msasa. Mizunguko kumi, tazama. Kumi mingine ikibidi. Mtaro wa kina hautoki kwa msasa. Ukilazimisha utaifanya komutata kuwa yai. Huo mpeleke kwa fundi wa kukereza, au nunua amecha.

Hatua inayosahauliwa ni mifereji. Vumbi la shaba na kaboni likijaa humo linaunganisha vipande ambavyo havitakiwi kugusana, na mota inakuwa moto bila kwenda mbio. Pitisha kijiti cha meno kwenye kila mfereji, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Usitumie sindano ya chuma. Futa yote kwa kitambaa chenye spiriti.

Pima: kati ya kipande na kipande, namba ndogo sana na zinazolingana kwa jozi zote tatu. Kati ya kipande na shafti, hakuna namba. Jozi moja ikisoma tofauti na wenzake, waya wa kopa umekatika au umegusana, na hapo safari imekwisha.

## Hatua ya 7: Kaboni na springi

Linganisha urefu wa kaboni na mpya. Ikibaki nusu, badilisha zote mbili, kamwe si moja. Tazama uso wake: uwe umechongeka kufuata mviringo wa komutata, bila pembe iliyomeguka. Tazama na kiwaya kinachotoka ndani yake, kisiwe kimegeuka zambarau.

Springi iliyobadilika rangi kwa joto imelegea, hata kama inaonekana nzima. Kaboni isiyokandamizwa vizuri huruka ruka juu ya komutata, na kila mruko ni cheche.

Kaboni za kuchonga kutoka kwenye dirili nimezijaribu. Zilikwenda. Zilikuwa ngumu kuliko za asili, na baada ya wiki chache zilikuwa zimekula komutata iliyokuwa nzima. Kama dharura siku ya mashindano ya mtaani, sawa. Kama tiba, hapana.

## Hatua ya 8: Mafuta, tone

Bushi za mota nyingi za 540 ni za shaba yenye vitundu visivyoonekana, vilivyoshibishwa mafuta kiwandani. Spiriti uliyomwaga imeyatoa mafuta hayo. Ndiyo maana tone ni lazima sasa, na ndiyo maana halikuwa na faida mwanzo.

Tonesha tone moja la mafuta ya cherehani kwa sindano, pale shafti inapoingia kwenye bushi, mbele na nyuma. Zungusha. Subiri robo saa lizame. Futa yaliyobaki nje. Upande wa nyuma uwe mchoyo zaidi, kwa kuwa komutata iko hapo hapo. Mafuta yakiifikia, kaboni inaogelea, umeme haupiti sawasawa, na uji mweusi unaanza kujikusanya. Hiyo ndiyo ile mota iliyonguruma dakika mbili.

Yenye beringi za gololi badala ya bushi, na imeingia maji chumvi: kama bado inakwaruza baada ya kuosha na kutia tone, badilisha beringi. Kutu ya gololi haisafishiki.

## Hatua ya 9: Funga na uikalishe

Rudisha washa kama picha inavyoonyesha. Ingiza amecha ukiishika imara. Sumaku zitaivuta ghafla, na ngozi ya kidole ikiwa njiani utaijua. Linganisha mstari wa wino, kaza skrubu kwa zamu. Kaboni zirudi upande ule ule na uelekeo ule ule.

Unganisha betri 2 za redio, yaani volti 3, mota ikiwa bado mezani, ielekee upande inaozungukia gari likienda mbele. Kama kaboni ni mpya iache dakika 10, ipumzike, kisha dakika 10 nyingine. Unaupa uso wa kaboni nafasi ya kuchukua mviringo wa komutata polepole. Ukiziunguza kwa volti 7.2 siku ya kwanza, zinachongeka kwa cheche.

Utajua imekaa ukisikia sauti imekuwa nyororo na ya kiwango kimoja, na cheche unazoziona gizani zimepungua kuwa vinukta.

Wengine hukalisha kaboni ndani ya bilauri ya maji. Inafanya kazi haraka, lakini inachosha komutata, na kwa unyevu wetu sitaki maji kwenye mota iliyokauka kwa taabu.

## Hatua ya 10: Irudishe garini

Tazama vile vikapasita vidogo vilivyochomelewa nyuma ya mota, mara nyingi vimeandikwa 104. Vinazima kelele za cheche zisivuruge mawasiliano ya rimoti. Kimoja kikiwa kimeng'oka mguu, kichomelee. Gari linalotetema usukani likikimbia mara nyingi tatizo ni hilo.

Pinioni: skrubu yake ikae juu ya ubapa wa shafti, si juu ya mviringo. Kisha weka ukanda wa karatasi ya daftari kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota mpaka gia ziibane karatasi, kaza skrubu, zungusha karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo ya meno bila kuchanika, nafasi ni sahihi. Gia zilizobanana huichemsha mota; zilizoachana hukata meno.

Lijaribu penye ardhi ngumu, si mchangani. Mjini, Maisara panatosha. Endesha dakika 5, simama, gusa kopo. Ukiweza kulishika sekunde 3 bila kuondoa kidole, uko chini ya nyuzi 60 hivi, salama. Ukishindwa, ipoe kabisa, punguza jino moja au mawili kwenye pinioni. Kipimajoto cha paji la uso hakifai kwa hili. Kinaishia nyuzi arobaini na kitu, kimetengenezwa kwa binadamu.

## Mota ya waya tatu

Hii haina kaboni wala komutata, kwa hiyo kazi inapungua. Chumvi na mchanga ni vile vile: kikavu, maji, spiriti, feni. Kisha tone kwenye kila beringi. Rota yake, kiini kinachozunguka, ni sumaku tupu, na hukusanya chembe za chuma. Zitoe kwa utepe wenye gundi au donge la plastisini, kwa kuwa kitambaa huzisukuma tu upande wa pili. Ukiirudisha ikizunguka kinyume, badilishana waya mbili zozote kati ya tatu. Kama ina waya nyembamba za sensa, usibadilishane. Zirudishe kwa rangi.

## Baada ya kila kutoka

Ukirudi na gari, kabla ya kuoga wewe: pampu ya baiskeli kwenye madirisha ya mota, mswaki mkavu, betri nje. Lililokanyaga maji ya bahari lisilale hivyo. Hatua ya 5 ni usiku ule ule.

La kukaa bila kutumiwa masika yote, lifungie kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Weka vipya, visivyokaa wazi. Mpwa wangu sasa anavikusanya kwenye maduka ya viatu, wenyewe wanamshangaa.